Sahani ya Santuri na Ikhlasi ya Mwimbaji

Alasiri moja, katika nyumba ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ujana wake wote aliupitisha katika kutengeneza saa na vinanda vya santuri, niliwakuta watu watatu wameketi juu ya mkeka, na mbele yao sahani mbili zimelazwa juu ya kitambaa cheupe, mithili ya mashahidi wawili waliosimamishwa mbele ya kadhi. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye tundu pana katikati, na ndani yake ameimba Fadhili William. Ya pili ilikuwa kubwa, na miongoni mwa nyimbo zake umo wimbo ule ule, "Malaika", kwa sauti ya Miriam Makeba. Mabishano yalikuwa yamefika mahali ambapo kahawa imepoa vikombeni na hapana aliyekumbuka kuinywa.

Aliyekuwa mdogo wao kwa umri alishikilia kwamba mwimbaji aimbaye wimbo wa mwenziwe ni kama karani aandikiaye watu barua za mapenzi, ambaye mkono ni wake na moyo si wake. "Maalim," alimwambia mwenye nyumba, "mtu hulia msiba wake. Msiba wa jirani huenda kuhani." Mzee alikuwa akiifuta ile sahani ndogo kwa kipande cha flana, akiufuata mzunguko wa mifuo yake polepole asije akaikwaruza, na hakuinua uso aliposema, "Na aliyekwenda kuhani, mwanangu, akalia mpaka sauti ikamkauka, utamwambia machozi yake ni ya kuazima?"

Nimelichukua swali hilo na kukaa nalo muda mrefu, kwa sababu naamini kwamba katika tarehe ya muziki wa pwani yetu hapana swali lililobishaniwa zaidi na kufafanuliwa kidogo kuliko hili la ikhlasi: je, ukweli wa wimbo unakaa kwa aliyeutunga, au kwa auimbaye, au kwa ausikilizaye? Wazee wetu waliishi na swali hilo bila ya kuumizwa nalo. Sahani ya santuri ndiyo iliyolitia makali, na namna ilivyolitia makali inastahili kusimuliwa kwa taratibu.

Zama za kabla ya santuri, wimbo haukuwa na jina la mtu lililobandikwa kifuani mwake. Najua kwamba watunzi wa tenzi walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho, na pengine kutaja mwaka na mji, kwa kuwa utenzi huandikwa na kilichoandikwa huhitaji mwenyewe. Lakini nyimbo za harusi, za ngoma, za kuvuta nyavu na za kubembelezea watoto zilipita kinywa kwa kinywa, na aliyeupokea wimbo aliruhusiwa kuuongeza ubeti, kuupunguza, au kuugeuza jina la mtaa ili umfae. Watu hawakuuliza ni wa nani. Waliuliza ni nani aujuaye, na kuujua maana yake ilikuwa kuuimba mpaka waliohudhuria waitikie kwa dhati.

Hata taarabu yenyewe, ambayo leo twaihesabu kuwa fahari yetu, ilianza kwa kuimba nyimbo za wengine. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, na yasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda huko kujifunza, naye akarudi na elimu ya ala na nyimbo za Kiarabu zilizopigwa katika jumba la mfalme. Kisha mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao, wakakiita Ikhwani Safaa, jina lililochukuliwa kwa ile jamii ya wanafalsafa wa Basra wa zama za kale, na maana yake ni ndugu wa usafi wa moyo. Sharti msomaji asimame kidogo hapa. Watu hawa walioapa kwa jina la usafi wa moyo, kazi yao kubwa kwa miaka mingi ilikuwa kuhifadhi na kupiga nyimbo zilizotungwa mbali nao, kwa lugha ambayo si kila msikilizaji wao aliimaizi, na wala hawakuona kwamba jambo la pili linalitia doa la kwanza. Kwao usafi ulikuwa katika mazoezi, katika adabu ya kikao, na katika kuupa wimbo haki yake kama ulivyopokewa.

Aliyekuja kuupindua mpango huo alikuwa mwanamke muuza vyungu. Siti binti Saad, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa, alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu masikini. Akafundishwa na mama yake kazi ya ufinyanzi, na alipokuwa mkubwa akawa akivichukua vyombo vyake na kuvitembeza, akivinadi kwa sauti ambayo, kwa mujibu wa waliomjua, ilisikika kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata kufunzwa muziki na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, na baadaye akajikusanyia wenziwe, wakiwamo Subeti Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku kipofu, mpiga udi kutoka Mombasa. Siti aliimba Kiarabu alipotakiwa, lakini aliimba Kiswahili kwa wingi, tena katika kumbi za mabwana na katika mitaa ya Ng'ambo sawasawa, na kwa hilo taarabu ikatoka katika jumba la mfalme ikaingia katika nyumba za udongo.

Katika mwezi wa Machi, mwaka 1928, yeye na wenziwe walipanda meli kwenda Bombay kwa mwito wa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya kinanda, ili nyimbo zao zitiwe katika sahani za santuri. Ni vyema kuieleza sahani yenyewe, maana watu wengi wa leo hawajapata kuishika. Ilikuwa ya lakiri, yaani utomvu utokao kwa wadudu wa mitini huko Bara Hindi, iliyochanganywa na unga wa mawe na masizi. Nzito kuliko idhaniwavyo, nyeusi ya kung'aa, na ikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande kama chungu. Ilizunguka mara 78 kwa dakika. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na ule unga wa mawe uliisaga kwa kadiri ambayo mtu mwangalifu aliibadili kila upande mmoja ulipokwisha; katika visanduku vidogo vya bati alinunua sindano kama anunuavyo viberiti. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo, na hapo ndipo wimbo wa taarabu, uliozoea kujinyoosha usiku kucha, ubeti ukirudiwa na kurudiwa kila watu walipoutaka, ulipolazimika kukatwa kwa kipimo kama kitambaa cha dukani. Nyimbo ndefu ziligawanywa pande mbili, na msikilizaji akawa hana budi kuinuka katikati ya hamu yake, aigeuze sahani, abadili sindano, azungushe mkono wa kinanda, kisha ndipo ausikie mwisho.

Jambo jingine lililoingia pamoja na sahani ni jina. Miaka mingi kabla ya safari ya Siti, mwaka 1902, mwimbaji mashuhuri wa Calcutta, Gauhar Jaan, alipotia sauti yake katika sahani alimaliza kila wimbo kwa kujitaja kwa Kiingereza, kwa kuwa sahani zilipelekwa Hanover, Ujerumani, kwenda kupigwa, na mafundi wa huko wangejuaje ni sauti ya nani? Haja ilikuwa ya karani wa kiwanda, haikuwa ya sanaa. Lakini ada hiyo ndogo ya kiwandani, pamoja na kile kibandiko cha duara katikati ya sahani, iliwafundisha watu wa nusu ya dunia kwamba wimbo una jina la mtu mmoja, na kwamba jina hilo ni la yule anayesikika. Mshairi aliyekaa nyuma, na aliyelitilia shairi sauti yake, na wapigaji, na wale waliokuwa wakipendekeza neno hili badala ya lile katika chumba cha mazoezi, aghalabu wote wakakaa nje ya ile duara.

Na hakika kazi ya Siti ilikuwa ya shirika. Yeye na wenziwe walikuwa wakikutana, wakiyazungumza yaliyopita mjini, na mazungumzo yakageuka nyimbo. Wimbo wa Kijiti ni ushahidi ambao kila nikiufikiri huniondolea shaka katika mada hii. Mwanamke mmoja mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja na mwanamume aliyejulikana kwa jina hilo. Muuaji akavuka bahari akatorokea bara, na wimbo ukasimama kulalamika kwamba waliofikiwa na mkono wa sheria ni wanawake walioandamana na marehemu, hali mwenye kuua yuko huru. Siti hakuwa jamaa ya marehemu. Kisa hakikuwa chake, na maneno hayakutoka katika maisha yake mwenyewe, na kwa mizani ya yule kijana wa Mji wa Kale alikuwa mwenye kuhani tu. Walakini waliomsikia walijua kwamba mtu aliyezaliwa na jina la Mtumwa, aliyetembeza vyungu juani, anajua ni nani huadhibiwa na ni nani huachwa. Ikhlasi yake haikuwa katika kuwa kisa kimempata. Ilikuwa katika kwamba alikijua kipimo cha dhuluma ile kwa maisha yake yote, na akakubali kuitangaza kwa sauti ambayo serikali na wenye vyeo walikuwa miongoni mwa wasikilizaji wake.

Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, ametuhifadhia pia habari ya hasidi waliomtungia Siti wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake ya shamba na kwa umbo lake, na jinsi alivyowajibu kwa wimbo, akiweka akili mbele ya nasaba na uzuri. Mimi naona majibizano yale kuwa mtihani mzuri zaidi wa ukweli kuliko kiapo chochote, kwa kuwa mtu akisimama mbele ya wale wale waliomdharau na kuimba jibu, hana pa kujificha. Lakini nyimbo za namna hiyo, zikishatiwa katika sahani na kusikilizwa katika mkahawa wa mji mwingine na watu wasiomjua hasidi wala mhasidiwa, huwa zimeachana na chimbuko lao, na ajabu ni kwamba bado huchoma. Kila msikilizaji humtia hasidi wake mwenyewe.

Hapo ndipo lazima kutaja ada ya kutunza, maana bila ya hiyo mtu hawezi kufahamu kile ambacho santuri ilikiondoa. Katika hafla ya taarabu msikilizaji hakai kitako mpaka mwisho. Ubeti ukimgusa, huinuka. Mwanamke hujitanda vizuri ushungi wake, hutoa noti katika ncha ya leso yake, na huenda kwa mwimbaji kwa mwendo ambao una maana kuliko noti yenyewe, pengine akapita makusudi mbele ya kiti cha mtu fulani, akainua mkono ule wenye noti juu ya kichwa chake, akausimamisha hapo muda wa mstari mzima, ndipo aiweke. Waliohudhuria wameshaelewa. Mshairi alitunga kwa kisa chake, mwimbaji ameimba kwa ustadi wake, lakini kwa muda ule wimbo ni wa yule mwanamke, na hapana mtu katika ukumbi atakayesema kwamba ameuazima. Mwimbaji mwema hulijua hilo. Huurudia ubeti ule ule, mara mbili, mara tatu, mpaka mwenye kutunza atosheke.

Sahani haiwezi kurudia ubeti kwa ajili ya mtu. Huenda mbele kwa kipimo chake, na mwenye huzuni na mwenye furaha huwasomea kwa mwendo mmoja. Nimewahi kusikia watu wakiilaumu santuri kwa hili kana kwamba iliua uhai wa muziki, na siwaungi mkono. Katika mikahawa ya pwani, ambako mwenye duka alikuwa na kinanda na wateja hawakuwa nacho, sahani moja ilisikilizwa na watu wengi kwa pamoja, wakijadili neno kwa neno, wakiwaeleza wageni fumbo lililofichika. Na katika zama za kaseti zilizofuata, mwanamke wa Unguja aliyegombana na jirani yake alikuwa akikiweka chombo chake dirishani, akaupiga wimbo uleule tangu asubuhi hata jioni, mpaka ujumbe ufike. Watu waliipa mashine kazi ya ule mkono ulioinua noti. Kilichopotea ni kule kuonana uso kwa uso na mwimbaji, na hilo si dogo.

Mbali na taarabu, santuri ilileta mtihani wa namna nyingine kwa vijana wa muziki wa dansi. Tangu mwaka 1933 zilianza kutolewa sahani za mfululizo ulioitwa GV, nyingi katika hizo zikiwa za muziki wa Cuba, na zikasambaa Afrika kwa upana ambao hata walioziuza walistaajabu. Huko Morogoro, Salum Abdallah alipounda bendi aliiita La Paloma, kwa jina la wimbo wa kale wa Kihispania, na baadaye bendi ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Vijana hawa hawakuwa na mwalimu isipokuwa sindano. Waliirudisha nyuma mahali palepale mara ishirini mpaka kidole kikaupata mlio, na maneno ya Kihispania waliyasoma kwa ghibu kama sauti tupu. Wako waliowacheka. Mimi naliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa, kwa kuwa mtu hajipi taabu ya namna hiyo kwa kitu asichokipenda, na zaidi ya hayo ngoma zile zilikuwa zimevuka bahari kwa dhuluma katika matumbo ya merikebu za watumwa, nazo zikarejea Afrika zikiwa zimepigwa chapa ya kiwanda. Kijana wa Morogoro aliyezipokea alikuwa akipokea kitu chenye nasaba na bara lake. Na Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, hakubaki katika kuiga. Alipokuja kuimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kwao, mapigo yale ya kuazima yalimtii kama kwamba hayakupata kuwa ya mtu mwingine.

Mombasa nako, Juma Bhalo alizishika sauti za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kimvita, na mengi katika mashairi hayo yalitoka kwa jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Wenye kulalamika walisema ni wizi. Wapenzi wake walijaza kumbi za harusi. Hukumu yangu ni kwamba shairi likiwa zito, na mwimbaji akiwa na koo la kulibeba, sauti iliyotoka Bombay haimdhuru mtu wa Mombasa, ambaye babu zake walikuwa wakifanya biashara na Bombay kwa majahazi. Lakini shairi likiwa jepesi, basi hapo huonekana nguo bila ya mvaaji. Kwa hiyo kosa, likiwapo, si la kuazima. Ni la kuazima pasipo kuwa na la kusema.

Nairobi ndiyo iliyoufanya muziki kuwa biashara kamili. Katika miaka ya 1950 kazi ya kupiga sahani ikaanza kufanyika huko huko, badala ya kungojea meli. Zikatokea chapa kama Jambo, na Mzuri ya Assanand wa Mombasa, kisha Equator ya Charles Worrod. Na lakiri ikaondoka, ikaingia vinili, nyepesi, isiyovunjika, yenye kuzunguka mara 45 kwa dakika. Tanganyika haikuwa na kiwanda, na bendi zake ziliwekwa katika tepu za redio au zikafunga safari hadi Nairobi. Mwanamuziki alilipwa kidogo, mara nyingi kwa mara moja, akaondoka. Sahani ikabaki ikizunguka kwa faida ya wengine.

Ndivyo ulivyozaliwa mgogoro wa "Malaika". Fadhili William, kijana wa asili ya Taita, aliutia wimbo huo katika sahani akiwa na Jambo Boys, yapata wakati wa kukaribia uhuru wa Kenya, na jina lake likaandikwa kwenye kibandiko. Adam Salim akadai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940. Grant Charo naye akajitokeza na dai lake. Na mpaka Fadhili alipofariki mwaka 2001 watu hawakuwa wamekubaliana, wala leo hawajakubaliana. Kisa cha wimbo ni cha kijana ampendaye mtu asiyeweza kumwoa kwa kukosa mali, na kisa hicho, kwa bahati mbaya, ni cha vijana elfu nyingi wa miaka ile waliokwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi. Yeyote kati ya wale watatu angeweza kuwa amekiishi. Kwa hiyo ule ukweli wa wimbo hauwezi kutuamulia ni nani mtunzi, na hapa ndipo nadhani wengi wetu hupotea. Twadhani tukimpata aliyeumia tutakuwa tumempata mwenye mali. Hizo ni haki mbili mbalimbali. Haki ya mtunzi ni ya jina na ya riziki, nayo hudaiwa kwa daftari na kwa mashahidi, na kumnyima ni dhuluma hata kama wimbo wake ni wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Ikhlasi ni haki ya msikilizaji, naye huidai kwa auimbaye, sasa hivi, mbele yake.

Mwaka 1965 Makeba aliuweka wimbo huo katika sahani aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, na mwaka uliofuata sahani hiyo ikapata tuzo ya Grammy huko Marekani. Mswahili amsikilizaye husikia mara moja kwamba ulimi si wa kwetu. Silabi nyingine zimekaa mahali pasipo pake. Hata hivyo alikuwa mtu aliyezuiwa na serikali ya Afrika Kusini kurudi nchini mwake tangu mwaka 1960, asiweze hata kumzika mama yake, na anapoimba habari ya kutaka kitu na kukizuiwa na nguvu iliyo kubwa kuliko yeye, mimi simsikii mtu aliyekwenda kuhani. Mwaka 1981 kundi la Boney M, la huko Ujerumani, likaupiga wimbo huo huo kwa mdundo wa disko. Katika sahani nyingi za kundi hilo sauti ya kiume iliyosikika ilikuwa ya mtayarishaji wao, Frank Farian, hali mwenye kucheza jukwaani akifumbua mdomo tu. Wenye kutafuta mahali ambapo ikhlasi ilivunjwa kweli watazame hapo, si kwa mgeni aliyeupenda wimbo akaukosea silabi.

Unguja, katika miaka hiyo yote, nyimbo za Siti ziliendelea kuimbwa na Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, ambaye alizipokea kwa kumsikiliza Siti mwenyewe. Aliimba "Muhogo wa Jang'ombe", aliimba na kisa cha Kijiti, hata alipokuwa mkongwe ambaye hapana aliyeijua hakika ya umri wake, sauti imekwaruzika kama sahani iliyochezwa mno. Akaondoa beti, akaongeza zake, akaingiza na mapigo ya ngoma aliyozoea. Alipofariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, wimbo wa yule mgeni aliyeuawa ulikuwa umekwisha kuishi zaidi ya miaka themanini, na bado ulikuwa ukimlilia mtu yule yule.

Nirudi kwenye mkeka. Sahani ndogo ilichezwa, kisha ile kubwa, na kijana hakubadili neno lake, ila aliposikiliza ile ya pili alikuwa ameacha kumtazama mzee na kuitazama sakafu. Baada ya sala ya magharibi mzee alitoa sandukuni, ndani ya mfuko wa karatasi uliochakaa, sahani ya lakiri ya Siti, yenye ufa uliotoka ukingoni mpaka karibu na kibandiko, na kibandiko chenyewe kimefutika herufi. Akakifungua kinanda chake cha kale, akauzungusha mkono wake mpaka ukakaza, akatia sindano mpya. Kila sindano ilipofika kwenye ufa ilipiga tik, na sauti ikaendelea. Hakuna aliyeuliza nani katunga. Upande wa kwanza ulipokwisha, wimbo ungali katikati, kijana ndiye aliyeinuka, akaishika sahani kwa kingo kama alivyomwona mzee akifanya, akaigeuza.